Spinaka kwenye boti ya faiba ya mita 4.2: kapi la henza likae wapi?

DauLaShangani (Mjini, Unguja)

Assalaam alaykum mabaharia.

Nina boti ya faiba ya mita 4.2, mlingoti wa alumini mita 6 kutoka sitaha. Tanga kubwa na tanga dogo la mbele hayana shida. Sasa nimepata spinaka (tanga jepesi la mbele, la kwenda na upepo) ya mtumba, ile isiyo na pande sawa, ya kufungwa omoni (ncha ya mbele ya boti), si ile ya kusukumwa kwa mti. Ni kama mita 9 za mraba, ukingo wa mbele mita 5.3, kitambaa cha nailoni nyembamba kama cha parachuti. Boti haikuwahi kutiwa spinaka: haina dasturi (mti wa kutokeza mbele ya omo), haina kapi (gurudumu la kupitishia kamba) la ziada juu, haina chochote.

Vipimo: waya wa mbele umefungwa mlingotini mita 4.5 juu ya sitaha. Mlingoti mpaka ncha ya omo ni mita 1.3. Waya za ubavuni zimekamatwa sentimita 35 nyuma ya mlingoti.

Nilivyopanga: kapi la henza (kamba ya kupandishia tanga) nilitie kileleni kabisa, maana juu ndiko kwenye upepo. Pembe ya goshi (ya chini mbele) niifunge kwenye pete ya omo. Kamba ninayo, nailoni ya milimita 8, roli zima. Tutakuwa watu wawili. Nisahihisheni kabla sijashika drili.

---

FundiMatanga

Waalaykum salaam. Iweke drili chini kwanza.

Kapi la kileleni litakuvunjia mlingoti. Waya wako wa mbele unashika mita 4.5, kwa hiyo mita moja na nusu ya juu haina wa kuishika. Tanga kubwa linaivuta nyuma kidogo, basi. Ukitundika spinaka pale, upepo ukivuma ghafla kilele kinapinda mbele na mlingoti unakunjika pale pale waya unapofungwa.

Kapi likae juu kidogo tu ya waya wa mbele, sentimita 20 mpaka 25. Chukua mita 4.75. Lisiwe chini ya waya wala usawa wake, maana henza itasugua waya na ukikisi (ukigeuza boti tanga lihamie upande wa pili) spinaka itajisokota hapo. Kapi liwe la kuzunguka lenyewe, lililoning'inia kwenye pete, si la kupigiliwa kwenye mlingoti, kwa sababu henza hiyo leo inavuta kulia na kesho kushoto.

Sasa dasturi. Bila dasturi, kutoka kapi mpaka pete ya omo ni mita 4.92 (piga hesabu: 4.75 kwa 4.75, ongeza 1.3 kwa 1.3, tafuta kipeo). Ukingo wako ni 5.3. Sentimita 38 zitabaki zinaning'inia, tanga litayumba kama pazia, tena liko nyuma ya tanga dogo ambalo linaliibia upepo. Ukitoa dasturi sentimita 80 mbele ya omo, umbali unakuwa mita 5.19. Ukingo unabaki mrefu kwa sentimita 11 tu, na hizo unazihitaji, kwa kuwa ukingo wa spinaka haukai wima kama uzi, unajikunja mbele.

Kwa hiyo dasturi ya mita 1.5: 80 nje, 70 ndani. Usipunguze ya ndani. Mti wenye nje ndefu na ndani fupi unaing'oa sitaha.

Bomba la alumini la kipenyo cha milimita 50, unene milimita 3, linatosha, na uzito wake hauzidi kilo 2. Mti wa mvinje wa milimita 65 nao unafaa, lakini unakaribia kilo 4 na nusu, na uzito wa omoni kwenye boti ndogo unauona mara moja: omo inachota maji. Mwanzi sikushauri. Ni imara mpaka uutoboe, ukishautoboa unapasuka kwa urefu.

Na hata bomba la alumini, usilitoboe pale linapotoka kwenye omo. Hapo ndipo linapopindwa zaidi kuliko mahali pengine popote. Lifunge kwa pete mbili za chuma kisichoshika kutu, moja omoni, moja nyuma, na chini ya kila pete, upande wa ndani wa sitaha, tia kipande cha plaiwudi cha milimita 12 kilichopakwa epoksi. Faiba tupu ya boti ndogo ni nyembamba, nati itazama ndani kama kidole kwenye boflo.

---

Mkisi_Mkoani (Pemba)

Fundi kasema kweli tupu, ila kaacha kamba ya chini ya dasturi. Spinaka haivuti mbele tu, inavuta na juu. Tia pete yenye uzi wa skrubu kwenye kifua cha omo, sentimita 40 chini ya dasturi, juu ya mstari wa maji, ufunge kamba kutoka pale mpaka nchani. Kamba hiyo isiwe ya kuvutika.

Usiidharau kwa kuwa ni fupi. Kwa vipimo hivyo, kila kilo 10 inayoinua ncha, kamba hiyo inabeba kilo 22 na zaidi, kwa kuwa imelala sana. Ukiweza kuishusha pete hata sentimita 10 zaidi, mzigo unapungua.

Na mlingoti: waya za ubavuni zikiwa sentimita 35 nyuma ndizo zinazokuzuia mlingoti usianguke mbele. Zinatosha kwa upepo wa kawaida, kwa sharti moja. Spinaka ikiwa juu, demani (kamba ya kukazia na kulegezea tanga) ya tanga kubwa usiilegeze yote. Tanga kubwa likikazwa, ukingo wake wa nyuma ndio kamba yako ya nyuma ya mlingoti. Wengi wakiona boti inalala wanaachia tanga kubwa kwa mazoea. Kwenye spinaka ni kinyume: unaachia demani ya spinaka kwanza.

---

DauLaShangani

Ahsanteni sana. Kwa hiyo spinaka ya mita 9 inavuta kilo ngapi hasa? Nataka kujua pete na kapi za kununua.

---

FundiMatanga

Upepo wa kilomita 20 kwa saa, ule unaolifikia tanga boti ikiwa inakwenda, unakupa kilo 24 hivi kwa tanga zima. Unasema kidogo. Lakini upepo ukizidi mara mbili nguvu inazidi mara nne: kilomita 40 kwa saa ni karibu kilo 95. Na tanga likivimba kwa kishindo baada ya kulegea, kamba inapigwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo nunua kapi na pete za kuhimili kilo 300 na kuendelea, hazina tofauti kubwa ya bei na zile za kilo 150.

Kapi za demani mbili, sentimita 60 mpaka 80 kutoka tezi (nyuma ya boti), pembeni kabisa ya boti. Ukipata zile zenye meno ndani, zinazozunguka upande mmoja na kushika upande wa pili, nunua hizo. Demani ya spinaka haifungwi, inashikwa mkononi muda wote, na mkono wa mtu unachoka. Kabla ya kuzipigilia zishikize kwa kamba tu, jaribu safari moja. Ukingo wa chini ukinyooka kama ubao na juu ya tanga pamefunguka panapigapiga, kapi liko nyuma mno, lisogeze mbele. Chini pamekuwa mfuko na ukingo wa nyuma umekakamaa, liko mbele mno.

---

Kamba_na_Kapi

Naingia kwenye kamba. Hiyo nailoni ya milimita 8 itumie kufungia nanga.

Henza: polista ya milimita 5 au 6, mita 12. Mita 4.75 kupanda, 4.75 kushuka, iliyobaki ni ya kufika kwenye mfuko wa tanga na ya kushika mkononi. Nailoni inavutika, na ikilowa inavutika zaidi. Unakaza, baada ya dakika kumi pembe ya goshi inacheza. Tena milimita 8 kwenye kapi dogo inabana, na wakati wa kutua tanga ndipo unapotaka kamba ikimbie.

Kamba ya goshi: polista milimita 5, mita 4, ipite kwenye kijikapi cha ncha ya dasturi irudi mpaka karibu na mlingoti kwenye kishikizi cha meno. Usiifunge kwa fundo omoni. Lazima uweze kuilegeza ukiwa umekaa.

Demani: kamba moja nzima ya mita 14, milimita 6, katikati yake ndiyo inayokamata pembe ya nyuma, ncha mbili zinapita kapi za kushoto na kulia kisha zinaungana ndani ya boti. Mzunguko mmoja, hakuna ncha ya kukimbilia baharini. Kabla ya kukata pima kwa uzi wa mshipi. Kamba ya kukata huirudishi.

Kamba ya plastiki ya bluu, ile inayoelea, isikutamanishe kwa bei. Jua la Unguja linaila, inakuwa unga, na fundo lake linateleza.

---

MzeeWaKaskazi

Wanangu, demani ya nailoni ina ubaya gani? Upepo ukivuma ghafla kamba inayovutika kidogo inapunguza kishindo kwenye kapi na kwenye mkono. Henza sawa, iwe polista. Demani mwachieni mtu atumie alichonacho, polista nzuri haipatikani kila duka.

---

Kamba_na_Kapi

Shikamoo mzee. Kwa kishindo una haki. Tatizo langu ni unene. Upepo mdogo, kamba ya milimita 8 iliyolowa inaivuta pembe ya nyuma chini kwa uzito wake tu, tanga halifunguki. Akipata nailoni ya milimita 6 iliyosukwa (si ile ya kusokotwa nyuzi tatu, inajikunjakunja kwenye kapi), atumie demani, sina ugomvi.

---

MzeeWaKaskazi

Marahaba. Hapo tumekutana.

---

Mkisi_Mkoani (Pemba)

Sasa kupitisha kamba, ambako ndiko watu wanakwama. Neno la kushika ni moja: spinaka inakaa nje ya kila kitu. Henza inashuka mbele ya waya wa mbele na mbele ya tanga dogo. Demani zote mbili zinapita nje ya waya za ubavuni. Ile demani isiyo na kazi inazunguka mbele ya waya wa mbele, lakini ndani ya ukingo wa spinaka, yaani kati ya waya na spinaka. Ukipitisha kamba moja tu ndani ya waya wa ubavuni, ukitweka tanga litapanda nusu na kukwama, na hapo uko majini.

Kwa hiyo unatweka nchi kavu kwanza. Alfajiri, upepo haujaamka, boti mchangani, tezi iangalie unakotoka upepo. Pandisha mpaka juu, vuta demani ya kulia, vuta ya kushoto, tua. Ikipanda mara tatu bila kushika popote, sawa. Spinaka ikiwa juu kabisa, shona uzi wa rangi kwenye henza pale inapoingia kwenye kishikizi. Baharini hutakuwa na nafasi ya kuinua shingo kuangalia kilele. Ukiona uzi, umefika.

Pini zote za waya, zile za kujipinda nchani, zifunge tepu. Kitambaa hicho kinachanika kwa ncha ndogo kuliko sindano, na kikianza hakisimami.

Kulikunja: shika pembe ya juu, fuata ukingo mmoja kwa mkono mpaka pembe inayofuata, kisha ukingo wa pili. Ukiona umepita pembe tatu bila kuvuka msokoto, lisukume mfukoni ovyo ovyo kuanzia tumbo la tanga, pembe tatu zibaki juu. Tanga lililopangwa vizuri kama kanga lakini lina msokoto mmoja litapanda likiwa na kiuno kama cha nyigu, na kiuno hicho kikishakaza hakifunguki mpaka ulitue.

---

DauLaShangani

Hapo kwenye kutweka na kutua nataka mpangilio, nani anafanya nini.

---

Mkisi_Mkoani (Pemba)

Aliye kwenye usukani anaipeleka boti karibu na upepo wa tezi, lakini si tezi kamili, akae pale mpaka aambiwe. Mwenziwe anavuta kamba ya goshi mpaka pembe ifike nchani mwa dasturi, anafunga. Ndipo henza, haraka haraka, mikono mirefu, bila kupumzika katikati. Demani imelegea kabisa wakati huo. Tanga likijaa upepo kabla pembe ya juu haijafika, henza inakuwa nzito kama ndoo ya kisima na hutaimaliza. Ukiona uzi wa alama, funga, shika demani.

Kisha unaachia demani pole pole mpaka ukingo wa mbele uanze kujikunja kama sikio la tembo, unavuta kidogo unyooke. Unaachia tena. Kazi ni hiyo tu, kutwa nzima. Aliyekaza demani akaridhika kwa kuwa tanga limetulia, boti yake inakwenda upande zaidi kuliko mbele.

Halafu usilielekeze kwenye upepo wa tezi moja kwa moja. Tanga hili halijashonwa kwa hilo. Linajificha nyuma ya tanga kubwa na kuanguka. Kwenda chini ya upepo unakwenda kwa mshazari, unakisi, mshazari mwingine. Unakisi taratibu: pembe ya nyuma ikipita mbele ya waya wa mbele ndipo unapovuta demani mpya. Ukigeuza usukani kwa pupa tanga linajifunga kwenye waya.

Kutua: pindisha tena karibu na upepo wa tezi, spinaka ijifiche nyuma ya tanga kubwa. Vuta demani ya upande wa goshi (unakotoka upepo) mpaka pembe ya nyuma izunguke waya wa mbele ikufikie mkononi. Hapo achia kamba ya goshi, kusanya ukingo wa chini wote, kisha henza ifuate, unavyokusanya ndivyo inavyoachiwa. Kosa kubwa la kutua ni kuachia henza kwanza. Tanga linaangukia majini, boti inalipanda, linakuwa nyavu. Henza nayo iwe imemwagwa sakafuni bila msokoto kabla hujaigusa, isipande na fundo likakwama kwenye kapi.

---

NgalawaYaNungwi

Je, kwenye ngalawa inawezekana? Mlingoti upo, omo ipo.

---

FundiMatanga

Usijaribu. Ukikisi tanga la ngalawa, foromali (mti unaobeba tanga) inazunguka mbele ya mlingoti. Chochote kilichotundikwa kutoka mlingotini kwenda omoni kinakuwa njiani mwa foromali. Utalazimika kuitua spinaka kila unapokisi. Mlingoti wenyewe ni mfupi na umeinama mbele, na nyuma hauna waya. Demani zitanasa kwenye mirengu (miti ya kuelea ya pembeni). Na mrengu wa chini ya upepo ukizamishwa na nguvu ya juu namna ile, ama unavunjika ama unaigeuza ngalawa ubavu. Ukitaka mwendo kwenye upepo wa tezi, shona tanga lilelile la kitambaa chepesi zaidi kwa siku za upepo mdogo.

---

NgalawaYaNungwi

Nimeelewa, foromali sikuifikiria.

---

MzeeWaKaskazi

La mwisho kwa huyu wa Shangani, na ni la njia. Tanga hili linakupeleka mbali bila ya wewe kujua, kisha kurudi ni bisho (kupanda kinyume cha upepo). Kwa hiyo bisho lije mwanzo. Wakati wa kusi pandeni kuelekea Mbweni kwanza, spinaka mtweke kurudia Shangani. Wakati wa kaskazi kinyume chake: pandeni upande wa Mtoni na Bububu, mrudi nayo. Na mlango wa bandari ya Malindi muuache wazi, boti za Dar zinaingia kwa kasi na nyie mkiwa na spinaka hamwezi kupinda ghafla.

Kusi kwa upande wa Mjini inatoka nchi kavu. Karibu na ufukwe inakuja kwa mafungu, inatulia, inapiga. Siku za kujifunza chagueni asubuhi, upepo wa kilomita 10 mpaka 18 kwa saa. Mkianza kuona mapovu meupe kila mahali baharini, tueni kabla hamjaulizana.

---

DauLaShangani

In shaa Allah. Na tukipinduka nayo ikiwa juu?

---

Mkisi_Mkoani (Pemba)

Msiiinue boti kwanza. Achieni demani ya spinaka, achieni henza, mmoja alivute tanga lote mpaka kwenye mfuko akiwa bado majini, mwingine akae kwenye mkuku (uti wa chini wa boti) boti isigeuke chini juu. Tanga likiwa limeingia ndipo mnyanyue. Mkiinua na spinaka imejaa maji hamtaiweza, na mkiiweza, itajaa upepo iwapindue upande wa pili. Ndiyo maana vishikizi vya henza na kamba ya goshi vikae mahali ambapo mkono wa mtu aliye majini unafika. Pimeni hilo nalo kabla ya kutoboa.